Picha za Mnato na Namna Watu Wanavyosemezana

Tunapotaja mawasiliano, wengi wetu hufikiria kwanza neno linalotoka kinywani, kisha neno lililoandikwa. Hayo mawili ni makubwa, lakini si yote. Watu husemezana kwa mikono, kwa macho, kwa namna ya kukaa na kusimama, kwa nguo walizovaa, kwa mlio wa ngoma na wa pembe, na hata kwa kunyamaza. Utamaduni wa taifa lolote umo katika njia hizo zote, na mtu aliyejifunza maneno ya Kiswahili bila ya kujifunza njia hizo bado hajawa mwenyeji miongoni mwa wanaokisema.

Katika makala haya tunakusudia kuzitazama picha za mnato zinazoonyesha watu wakiwasiliana, na kuuliza swali moja: je, kitu kisicho na sauti wala mwendo chaweza kutuonyesha mazungumzo? Tunauliza hivyo kwa sababu picha zimekuwa ushahidi mkubwa wa maisha yetu. Zimo katika vitabu vya shule, katika nyumba za makumbusho, katika maofisi na katika sebule za watu. Mwanafunzi wa leo huiamini picha upesi kuliko anavyoiamini hadithi ya bibi yake. Basi yatupasa tujue picha husema nini, na hunyamaza juu ya nini.

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni ya kweli kwa mambo yanayotokea mbele yetu, ambapo sauti, harufu na watu wa pembeni hutusaidia kuelewa. Kwa picha tunathubutu kusema kinyume chake: mwenye macho hana budi kuambiwa, tena aambiwe na anayejua.

Sisi tuliozoea kutunga mashairi tunafahamu kwamba mshororo una ukwapi na utao. Ukwapi peke yake waweza kuwa na maneno mazuri, lakini maana haijatimia mpaka utao ufike. Picha ni ukwapi. Utao wake ni maelezo: nani alikuwa akisema, akimwambia nani, wapi, lini, na kwa neno gani. Hoja yetu ni kwamba picha nyingi za watu wetu zimehifadhiwa bila ya utao, na kwamba wanaoweza kuuandika wanapungua kila mwaka.

Mwili unaposema

Tuanze na maamkizi, kwa kuwa hayo ndiyo mlango wa mazungumzo yote. Huko Kigoma, Waha huamkiana kwa kupiga makofi, kila mmoja akimwitikia mwenziwe, huku habari za nyumbani, za watoto na za shamba zikiulizwa na kujibiwa. Sasa tumfikirie mpiga picha aliyefyatua kamera yake wakati viganja vimekutana. Atakayeiona picha hiyo mbali na Kigoma ataona mtu anayesali. Huko Kagera nako, ni desturi ya mdogo kupiga magoti anapomwamkia mkubwa wake. Katika picha goti hilo hubaki chini daima, na mgeni huona mtu anayeomba msamaha au anayetumikishwa. Haoni kwamba baada ya pumzi mbili aliyepiga magoti amekwisha kuinuka na anacheka na babu yake.

Katika mifano hiyo mpiga picha hakusema uongo. Kamera yake ilinasa kipande kidogo cha sekunde moja, na kipande hicho kilikuwapo. Ila amekata mahali pasipostahili kukatwa. Salamu ni jambo la watu wawili. "Shikamoo" haijatimia mpaka "marahaba" iitikiwe. Picha inayomwonyesha aliyepiga magoti peke yake, na kumwacha nje yule anayempokea, imetuonyesha swali bila jibu. Kwa hiyo tukiwekewa picha mbili za maamkizi, tutaichagua ile inayomwonyesha mwenye kuitikia, hata kama mwanga wake ni hafifu, na tutaiacha ile iliyopendeza macho lakini imemtenga msemaji na msikilizaji wake.

Kipimo hicho chafaa pia kwa vyombo vya sauti. Siwa ya Lamu, iliyotengenezwa kwa shaba, na siwa ya Pate, iliyochongwa katika pembe ya ndovu, zimepigwa picha mara nyingi. Aghalabu huonyeshwa zimelazwa peke yake, zikimeremeta, ili watazamaji wastaajabie nakshi zake. Nakshi hizo zastahili kustaajabiwa. Lakini siwa ilifanywa ipulizwe, na ikilia ilikuwa inawatangazia watu jambo la heshima: harusi ya ukoo mkubwa, au mtu anayepewa utawala. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Siwa nayo ni hivyo hivyo. Picha inayofunza zaidi ni ile yenye mashavu ya mpulizaji yaliyojaa pumzi, na nyuma yake nyuso za watu waliogeuka kusikiliza. Sauti haionekani, lakini athari yake juu ya nyuso huonekana, na hapo picha bubu hufanya kazi ya kusema.

Nguo yenye maneno

Hakuna mfano ulio wazi kuliko kanga. Nguo hii ilianza kuvaliwa katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19. Ina pindo linaloizunguka, ina mji ulio katikati, na ina jina, yaani maneno yaliyochapwa chini ya mji. Majina hayo kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa Mombasa mwaka 1887, hutajwa sana katika habari za majina ya kanga, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" bado yajulikana na wanunuzi.

Kila anayetaka kupiga picha ya pwani hupiga picha ya kanga. Rangi zake huvutia, na mvaaji huombwa asimame mbele ya kamera, uso kwa uso. Hapo ndipo mpiga picha anapopoteza alichokuja kukitafuta. Kanga ikivaliwa sawasawa, jina huwa nyuma. Mwanamke akishapita, ndipo maneno yanaposomeka. Kanga husema na mtu aliyeachwa nyuma, mara nyingi jirani au wifi aliyekuwa na maneno yake, naye hana nafasi ya kujibu papo hapo. Atajibu kesho au mwezi ujao, kwa kanga nyingine. Yaani haya ni majibizano kama ya washairi gazetini: mmoja hutoa swali, na wenziwe husubiri toleo lijalo.

Picha ya mbele, basi, imetupa uso na imetunyima kauli. Na hata picha ya nyuma, ikiwa haikuandikwa kanga hiyo ilivaliwa lini na kwa ajili ya nani, imetupa upande mmoja wa mabishano. Zaidi ya hayo, kazi ya kusafisha picha ilipokuwa ikifanywa kwa filamu, filamu iliweza kugeuzwa kwa bahati mbaya, na maneno yakatokea kinyumenyume. Mhariri anayejua Kiswahili ataona kosa mara moja. Asiyejua ataona mapambo tu, na ataichapa picha ilivyo. Tofauti ya hao wawili haimo machoni mwao; imo katika lugha.

Aliyekuwa habari, na aliyekuwa msemaji

Sasa tuzitazame picha za zamani zaidi. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, Unguja ilikuwa na studio za wapiga picha waliosifika, akiwamo A. C. Gomes na ndugu wawili wa Coutinho. Walipiga picha za majumba, za bandari, za masultani, na za watu wa kawaida, na nyingi ziliuzwa kama kadi za posta. Kwa ufundi, kazi yao ni nzuri sana. Mwanga umepangwa, mikunjo ya nguo yaonekana, nyuso ni hai.

Lakini tukisoma maneno yaliyochapwa chini ya kadi za posta za namna hiyo, twakuta mara nyingi kabila, kazi au jinsia ya mtu, wala si jina lake. Ni "mwanamke wa Kiswahili", ni "mchukuzi", ni "wapiga ngoma". Kadi hizo zilikuwa chombo cha mawasiliano bila shaka: zilitiwa stampu na kuvuka bahari. Mawasiliano yenyewe yalikuwa kati ya msafiri na jamaa zake waliobaki Ulaya. Yule aliye katika picha alikuwa ndiye habari. Hakuwa msemaji wala hakuwa msikilizaji. Huo ndio upungufu tunaoulaumu. Hatuwalaumu wapiga picha peke yao, kwani waliuza kilichotafutwa na wanunuzi. Lakini hatuna ruhusa ya kuzichapa picha hizo leo katika vitabu vyetu pamoja na maelezo yale yale, kana kwamba sisi nasi tu wanunuzi wa kadi.

Hali ilibadilika pale wananchi walipoanza kuingia studio kwa hiari yao na kulipa fedha zao. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Unguja mwaka 1930, na katika miji mingine ya Afrika Mashariki zikawako studio za namna hiyo. Huko mtu alichagua nguo zake, akachagua wa kusimama naye, akaamua mkono aweke wapi. Bwana na bibi harusi, marafiki wawili waliovaa sare, kijana aliyeshika kitabu ili wazazi wajue kwamba anasoma: wote hao ni wasemaji. Wanamwambia mtu fulani jambo fulani. Kazi ya mhakiki ni kuuliza mtu huyo ni nani.

Udongo uliosema

Katika picha zote za historia yetu, ipo moja ambayo karibu kila mwanafunzi wa Tanzania ameiona. Ni ile ya Aprili 1964, inayomwonyesha Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar. Tunaiweka hapa kwa sababu ni picha ya mawasiliano, ingawa haonekani mtu anayetoa hotuba.

Hati za Muungano zilitiwa saini tarehe 22 Aprili 1964 na Mwalimu Nyerere na Mzee Abeid Amani Karume. Hati ni maandishi ya sheria, na sheria ina lugha yake ambayo si kila mtu huielewa. Tena wakati huo walio wengi miongoni mwa watu wazima hawakujua kusoma. Udongo ulisema jambo lile lile kwa lugha inayoeleweka na mkulima, na mvuvi, na mtoto. Kamera ikaibeba lugha hiyo mpaka mahali ambapo sherehe haikufika.

Tazameni namna ukimya wa picha ulivyosaidia hapa. Picha haiwezi kutuonyesha udongo upi umetoka Zanzibar na upi umetoka Tanganyika. Katika picha nyingine tungesema huo ni upungufu. Katika picha hii kutotambulikana huko ndiko maana yenyewe. Hata hivyo, picha hiyo hiyo akipewa mtu asiye na maelezo, aweza kudhani ameona mganga anayechanganya dawa. Ukuu wake hauko katika karatasi peke yake. Uko pia katika maneno ambayo walimu wameyarudia madarasani miaka yote hii.

Liko jambo moja ambalo maelezo ya picha hii aghalabu huliacha. Vijana wanne walishiriki katika tendo lile, wawili kutoka kila upande. Picha inapochapwa, jina moja hutajwa, na vijana huwa "wengineo". Majina yao yamehifadhiwa na yanaweza kupatikana. Tungependa mwalimu wa historia awape wanafunzi wake kazi ya kuyatafuta na kuyaandika chini ya picha iliyomo kitabuni mwao. Ni kazi ndogo, lakini itawafunza kwamba maelezo ya picha hayakushuka kutoka mbinguni. Huandikwa na watu, na yaweza kuongezwa.

Redio na duara la wasikilizaji

Kundi jingine la picha lenye mafunzo mengi ni lile la kampeni za elimu ya watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikafuata kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, iliyoendelea kwa wiki 12 na kuwashirikisha watu wanaokadiriwa kufikia 2,000,000. Utaratibu wake ulikuwa huu: wanakikundi walikutana, wakasikiliza kipindi cha redio, kisha mmoja wao anayejua kusoma akawasomea wenziwe kijitabu, baada ya hapo wakajadiliana na kupitisha uamuzi wa kutekeleza.

Katika picha za vikundi vya namna hiyo, redio huwekwa katikati na watu huizunguka. Mpangilio huo hupendeza, na una ukweli wake, kwani katika vijiji vingi redio ilikuwa kitu kipya na cha thamani. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Bara mpaka miaka ya 1990. Lakini mpangilio huo wafunza nusu ya jambo. Humfanya mtazamaji aamini kwamba habari zilitoka Dar es Salaam, zikaingia masikioni mwa wanakijiji, na mambo yakaishia hapo. Walioanzisha vikundi hivyo walikusudia zaidi ya hayo. Redio ilikuwa mfungua mazungumzo. Mazungumzo yenyewe yalianza ilipozimwa.

Kwa hiyo picha tunayoithamini zaidi katika kundi hili ni ile ambayo redio imesahauliwa pembeni: mama mmoja ameinua kidole, na wengine wamegeuza shingo kumtazama, au mzee ameshika kijitabu karibu mno na macho, huku kijana akimwonyesha mstari. Na ipo picha ambayo wengi hawaihesabu kuwa ya mawasiliano, nayo ni ya watu wakichimba choo. Tunaihesabu. Lile shimo ni jibu. Walisikia, wakasema, wakakubaliana, na jembe likathibitisha kwamba wameelewana. Mawasiliano yasiyofika kwenye jembe, au kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa, yalikuwa ni kelele za redio tu.

Mgongo wa picha

Tumesema kwamba kanga husemea mgongoni. Picha nayo ina mgongo. Zamani mtu alipopiga picha studio, alipewa nakala, akaigeuza, akaandika nyuma yake: "Kwa dada mpendwa, pokea picha hii iwe ukumbusho wangu", kisha tarehe na mji. Picha hiyo ikatiwa katika bahasha na kusafiri kwa basi au kwa meli. Ilikuwa barua yenye sura. Mbele palikuwa na ukwapi, nyuma palikuwa na utao, na karatasi moja ilibeba yote mawili.

Katika maonyesho picha hizo hutiwa katika fremu, na mgongo huelekea ukutani. Katika vitabu huchapwa upande wa mbele tu. Kwa hakika hatujui sababu nzuri ya kufanya hivyo. Kama picha ilikuwa barua, basi kuionyesha bila ya maandishi yake ni sawa na kuonyesha bahasha na kuizuia barua.

Siku hizi simu za mkononi zimewapa watu wengi kamera, na jambo hilo ni neema. Mwanakijiji hamsubiri tena mpiga picha wa mjini. Anajipiga mwenyewe, anapiga harusi, mazishi na mavuno, na dakika hiyo hiyo picha imemfikia mwanawe aliyeko ng'ambo. Wale waliokuwa habari wamekuwa wasemaji. Lakini picha za simu hazina mgongo wa kuandikiwa kwa kalamu. Maneno yaliyoandamana nazo hubaki katika mazungumzo yale, na simu ikiharibika au ikibadilishwa, picha na maneno hutengana, kama vyote viwili havikupotea. Katika miaka hamsini wajukuu wetu waweza kuwa na picha nyingi kuliko kizazi chochote kilichotangulia, na wasijue jina la mtu hata mmoja aliyemo.

Tusidhani kwamba hatari hiyo ni ya kesho. Mkusanyo wa Winterton, uliomo katika Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, nyingi za kati ya miaka ya 1860 na 1960. Zimetunzwa vizuri na kuorodheshwa. Lakini mtunzaji aweza kuorodhesha tu yale aliyoyakuta. Kama aliyepiga picha hakuandika mwenye picha alikuwa akisema nini, hakuna mashine itakayoyarudisha maneno hayo. Huenda yakarudishwa na mzee wa mahali pale, akionyeshwa picha angali hai.

Kazi iliyo mbele ya shule

Penye wazee haliharibiki neno. Nasi tunaongeza kwamba penye wazee haiharibiki picha. Twapendekeza kwamba kila shule ya sekondari ianze kazi hii mahali ilipo, bila ya kungoja fedha wala waraka. Mwanafunzi aombe ruhusa nyumbani kwao, achukue picha moja ya zamani inayoonyesha watu wakiwasiliana kwa njia yoyote, kisha akae na mkubwa anayeijua. Aulize maswali matano: Hawa ni akina nani? Ni wapi na mwaka gani? Nani anasema, hata kama anasema kwa mkono au kwa nguo? Anamwambia nani? Na yule aliyeambiwa alijibu nini?

Swali la tano ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa na wapiga picha, na wahariri, na sisi waandishi. Majibu yaandikwe katika daftari la shule, na nyuma ya picha yaandikwe kwa penseli laini, kwa mkono mwepesi, kwani kalamu ya wino huacha alama upande wa mbele. Mwenye picha arudishiwe picha yake. Shule ibaki na maelezo, na nakala ikiwezekana.

Mwalimu wa Kiswahili atapata humo somo la insha, mwalimu wa historia atapata ushahidi, na mwalimu wa uraia hatakosa mfano. Lakini faida iliyo kubwa ni ya yule mzee aliyeulizwa. Miaka mingi picha yake imetundikwa ukutani na wageni wameisifu kwa uzuri wa fremu. Sasa ametokea mtu anayetaka kujua ilikuwa inasema nini.